Wachoraji katuni, mnasikiliza nini mkichora? Manake mimi taarabu imenifikisha pabaya

kalamu_ya_langoni

Assalaam aleikum, na wengine wote hamjambo. Niko Lamu, mtaa wa Langoni, natengeneza vitabu vya katuni, yaani nachora mwenyewe, naandika mwenyewe, nachapa mwenyewe, nauza mwenyewe na hasara pia naila mwenyewe. Swali langu ni fupi ila lazima niwape kisa chote la sivyo mtadhani nimerukwa na akili.

Mchana nakaa duka la ami yangu la fotokopi. Ni vitambulisho, fomu za basari, barua za kwenda kwa chifu, na mtu kila siku lazima aje na cheti kimekunjwa mara nane anataka kitoke kisafi. Kati ya mteja na mteja natoa daftari chini ya meza nachora vichwa. Walai hakuna sura nzuri ya kuchora kama ya mtu anayesubiri fotokopi, hajui kama unamtazama, ako na fomu yake tu moyoni, mdomo umebaki wazi kidogo.

Hadithi yangu yote iko ndani ya boti ya mwisho ya jioni kutoka Mokowe kuja Lamu. Kila toleo ni safari moja, kama nusu saa hivi, watu wameketi wameelekeana na magunia katikati. Nilichagua boti kwa uvivu, nilidhani mandhari itakuwa rahisi, ni maji na mikoko basi. Kumbe nimejitia kitanzi. Abiria wote wamevaa laifujaketi ile ile moja, na mimi nachapa nyeusi na nyeupe, kwa hivyo siwezi kumtofautisha mtu kwa shati wala kwa kanzu, inabaki pua na mato tu. Nimechora pua mpaka naziota.

Usiku baada ya isha napanda juu kwenye makuti, huko kuna upepo, nawasha taa ya chaji na naweka ile jiwe ya mamangu ya kusugulia miguu juu ya karatasi isipeperuke. Msimu wa kusi ni taabu, karatasi inanyonya unyevu inalegea kama mkate wa mofa uliosahaulika kwenye mchuzi, ukiweka wino mstari unaota ndevu. Lakini hilo nimeshalizoea.

Sasa shida yenyewe. Babu yangu Mungu amrehemu aliacha sanduku la kanda, nyingi za Zein l'Abdin, nikazihamisha zote kwenye simu na ndizo nasikiliza nikichora. Zein ni wa kwetu, kazaliwa hapa hapa Lamu, ule udi wake, kile chombo cha nyuzi, ukianza tu mkono wangu unatulia, mstari unakwenda wenyewe. Nimechora hivyo karibu miaka miwili. Juzi nimemaliza toleo la tano, kurasa 16, nikampa dadangu asome kabla sijachapa. Akasoma kwa sauti. Akafika pale makanga anadai nauli:

"Lipa nauli mapema, usinipe la kusema."

Na yule mama mwenye kuku anamjibu:

"Kuku wangu hana kiti, nauli yake ya nini?"

Dadangu akaweka kitabu chini akaniuliza, we, hii boti inakwenda Lamu ama inakwenda harusini? Mbona kila mtu anaimba? Nikamwambia acha ujinga, hawaimbi. Akaanza kunihesabia kwa vidole. Nane. Nane. Nane tena. Kitabu kizima, makanga, mama, mwalimu, mpaka yule mlevi anayelala kwenye kamba za nanga, wote wanaongea mizani nane, yaani silabi nane kila kipande, kama wametoka kwa fundi mmoja. Na mimi sikujua! Sikupanga! Ni hizo nyimbo zimeingia kwa sikio zikatokea kwa kalamu.

Kwa hivyo nauliza, nyinyi wenzangu mnasikiliza nini mkichora? Ama mnazima kabisa? Na je nifute viputo vyote vya maneno niandike upya, na wino ushakauka?

---

mweusi_wa_temeke

Hahahaaa kaka umenichekesha niko kwenye daladala watu wananiangalia. Mlevi anaongea kwa vina!!

Mi niko Dar, nachora pia, ila mi ni wa matangazo zaidi, katuni ni za roho. Ngoja nikupe yangu. Nina muziki wa aina mbili na siuchanganyi. Nikiwa najaza weusi, yale maeneo makubwa ya usiku na vivuli ambapo hufikirii kitu, naweka singeli. Mapigo zaidi ya mia mbili kwa dakika, unajaza ukurasa kabla chai haijapoa. Lakini usithubutu kuchora uso na singeli, niliwahi kumchora bibi mmoja na singeli akatoka kama kapigwa shoti.

Kwenye kuandika maneno naweka rumba ya Kongo. Kwa nini? Kwa sababu Kilingala sijui hata neno, ukitoa yale mawili matatu ambayo kila mtu anayajua. Wanalia huko, wanasifia watu na pesa zao huko, mi sielewi, kwa hiyo haingii mtu kwenye kiputo changu. Tatizo lako si taarabu, tatizo ni kwamba unaielewa. Tafuta muziki wa lugha ambayo huijui ndugu yangu.

Halafu swali la pembeni, hivi nyie hicho kidude cha maneno mnakiita kiputo? Sisi tunaita puto. Kiputo nadhani ni kizuri zaidi.

---

mwalimu_wa_shela_malindi

Mimi niko Malindi, Shela ya huku kwetu si Shela yenu ya Lamu, kila siku watu wananichanganya. Nafundisha darasa la nne na nachora katuni kwenye simu, kwa kidole, sina kalamu ya maana wala tableti. Naweka kwenye stetasi ya WhatsApp, ukurasa mmoja kila Ijumaa.

Mdogo wangu wa Langoni, kwanza pole, halafu hongera, manake kuna watu wanalipa ada kujifunza mizani na wewe umeipata bure kwa sikio.

Mimi nasikiliza bango, ule muziki wa harusi wa Pwani. Mzee Ngala. Ile saksafoni inaingia taratibu halafu harusi nzima inasimama, hapo nachora watu walio na raha na viungo vyao vinapinda vizuri. Kwa maneno siweki kitu. Nazima. Mimi nikiandika kiputo lazima nikisome kwa sauti, na mume wangu ashazoea kunikuta jikoni nimeshika mwiko naongea sauti tatu tofauti.

Lakini nataka kukuuliza kitu cha kiufundi manake nadhani shida yako ina mguu wa pili na hukuuona. Viputo vyako umevichora kabla ya maneno au baada? Kiswahili maneno yetu ni marefu, wajua hilo, mtu akitaka kusema "hawatatusubiri" ni neno moja na limeshakula upana wote wa fremu, huwezi kulikata popote tu, lazima ukate kwenye silabi na bado linakaa vibaya. Mimi nilipoanza nilikuwa nachora viputo vya duara vidogo kama nilivyoona kwenye vitabu vya Kizungu, maneno yakawa yanatoka nje kama miguu ya mtoto kwenye kitanda kifupi. Sasa kama wewe viputo vyako vyote ni saizi moja na unachora kwanza kiputo, basi ni wazi, umezoea kutafuta sentensi inayoenea humo, na inayoenea ni ya silabi nane. Zein kakusaidia tu kuchagua ipi.

---

kalamu_ya_langoni

Dada mwalimu umenipiga penyewe. Nimekwenda kuangalia sa hii. Viputo vyote natumia kikombe cha kahawa kuchorea. Kile kidogo kisicho na mkono. Kimoja tu ndicho hicho, toka toleo la kwanza.

@mweusi, rumba nitajaribu. Singeli hapana, mamangu analala chini ya makuti hapo na ako na pressure.

---

pesa_kwanza

Swali tu bila ubaya. Hizi katuni zinalipa? Ama ni kupoteza muda na wino wa ami? Lamu si mungechorea watalii punda na majahazi kwenye fulana, hao wana pesa.

---

kalamu_ya_langoni

Halina ubaya. Ntakupa hesabu yenyewe, sina siri.

Kurasa 16 ni karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati, pande nane za fotokopi. Ami ananifanyia shilingi tano kila upande na anasimama hapo hapo akihesabu tona, kwa hivyo kitabu kimoja kinanitoka 40, nauza 100. Toleo la nne nilichapa vitabu 60. Nimeuza 41. Nimegawa 12, hapo ni ami, dadangu, mabaharia na mtu mmoja aliyejiona kwenye ukurasa wa 9 akaja mbio dukani, nikampa viwili anyamaze. Saba vililowa gatini Mokowe nikiteremka. Toa 2,400 kwa 4,100, imebaki 1,700, hapo bado kalamu na pini. Ni miezi minne ya kazi hiyo. Haya cheka.

Toleo la kwanza ndilo lilikuwa hasara tupu, sikujua kama ukurasa wa 1 na wa 16 wanakaa karatasi moja, nikapiga zikifuatana tu 1, 2, 3, nikakunja, boti ikafika Lamu kabla haijatoka Mokowe.

Punda wa fulana nachora pia, usijali. Wanalipia stima. Lakini nikichora punda wa fulana namchora yule yule kila siku, anatazama kushoto, mnara wa msikiti nyuma yake, na punda wa kweli wa hapa hawasimami hivyo hata, punda wa hapa amesimama katikati ya ndiya nyembamba na gunia mbili za mchanga na wewe na maji yako lazima urudi nyuma mpaka uliko toka. Huyo mtalii hamtaki.

---

barza_mkunguni

Kijana, mimi si mchoraji. Mjukuu wangu kanionyesha uzi huu nikamwambia aniandikie.

Kwanza la kiputo. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Matondoni hapo ng'ambo ya kisiwa, ndiye watu humtaja kwa kubuni neno "runinga", na alikuwa na mengi kama hayo mfukoni. Angalikuwapo tungemuuliza. Hayupo, basi kiputo kinatosha, msigombane.

La pili. Umeingiwa na hofu kwa jambo ambalo watu wa mui huu walilifanya kwa kujua. Hukupata kumsikia Muhammad Kijuma? Alifariki 1945. Mtu mmoja huyo alikuwa mtunzi, alikuwa mwandishi wa khati, alikuwa mchonga milango, na alikuwa mpiga kinanda, kile cha nyuzi, na mtengenezaji wa hivyo vinanda. Mkono ule ule. Wazungu walikuwa wakimwandikia awanakilie tendi kwa khati yake nzuri, analipwa kwa kazi ya mkono kama wewe na fulana zako. Sasa mtu kama huyo akichonga mlango waona alikuwa hana wimbo kichwani? Akiandika utendi, ulimi na patasi haviku pamoja? Wewe wataka kuzima Zein ili kalamu yako isisikie. Basi ziba na masikio ukipita barazani.

Na kule Mombasa Muyaka bin Haji alikuwa akitunga habari za sokoni na za madeni na za mahaba ya watu, maneno ya mtaani yale, kwa mizani. Makanga wako angemfahamu vizuri.

Ila neno moja sikulipenda. Mlevi kuongea kwa vina sawasawa haiwi. Mlevi mpunguzie silabi.

---

mweusi_wa_temeke

"Mlevi mpunguzie silabi" 😂😂 mzee shikamoo. Hii naandika ukutani.

---

kalamu_ya_langoni

Shikamoo mzee wangu. Kijuma nilikuwa najua milango tu, ya kinanda sikujua walai. Nitauliza zaidi kwa wanaojua.

Haya jamani nimejaribu, nawapa ripoti. Usiku wa kwanza niliweka rumba. Mkono ulikuwa sawa lakini abiria wangu wote wakaanza kuwa na mabega ya kucheza, boti nzima imeegemea upande mmoja kama inataka kuzama. Nikafuta. Usiku wa pili nikazima kila kitu. Kimya. Hapo ndio nikajua makuti yanapiga kelele kiasi gani, na jirani anakoroma, na paka wa mtaa mzima wana kesi yao juu ya ukuta wetu. Sikuandika hata kiputo kimoja.

Usiku wa tatu nikarudi kwa Zein ila nikatafuta zile sehemu anapiga udi peke yake kabla ya kuimba, nikazikata nikaziunganisha, nikapata kama dakika kumi na mbili, zinazunguka. Hapo nikachora upya nyuso zote za ukurasa wa 11 mpaka wa 14 kwa kikao kimoja. Akikaribia kuimba inakatika inaanza tena, ni kama mtu anavuta pumzi aongee halafu anabadilisha nia.

Na kile kikombe nimeweka kando. Dada nimefuata ushauri wako, naandika maneno kwanza na penseli halafu kiputo kinafuata maneno, kikiwa na umbo la kiazi kitamu na iwe.

Alasiri nikapanda boti kwenda Mokowe na kurudi, nauli yangu mwenyewe, bila hedifoni, nikae nisikilize watu wanaongeaje bila wimbo. Nilikaa mkabala na mama mmoja ana madumu mawili ya samli na kifuko cha ukwaju. Makanga akafika, akanyoosha mkono, hakusema kitu. Mama hakumtazama hata. Akafunga kile kifuko cha ukwaju vizuri, akakifungua, akakifunga tena, boti nzima tunangoja. Halafu akasema kwa sauti ndogo kabisa:

"Na chenji yangu ya yana?"

Basi! Makanga akapita kama hakumuona. Nikaandika kwenye kiganja papo hapo. Hiyo ndiyo naiweka ukurasa wa 6 badala ya ile ya kuku hana kiti. Hakuna vina, hakuna ushairi, ni mtu anadai chenji yake. Nimefurahi sana, nadhani nimepona.

---

mwalimu_wa_shela_malindi

Mdogo wangu.

Na, che, nji, ya, ngu, ya, ya, na.

Hebu hesabu.

---

mweusi_wa_temeke

WEEE 😂😂😂😂

---

mwalimu_wa_shela_malindi

Mimi sikucheki, nakwambia kwa wema. Kila asubuhi nikienda shule napita stendi ya matatu na kuna kijana mmoja pale anaita abiria, zimebaki siti mbili, anapiga bodi ya gari kwa kiganja na kuita "Mombasa, Mombasa, mbili! Mombasa, Mombasa, mbili!" Leo nimesimama nikahesabu kwa ajili yako, chaki mkononi, watoto wangu wa darasa la nne wananitazama. Nane. Na huyo sidhani kama anamjua Zein hata kwa sura.

---

kalamu_ya_langoni

Nimehesabu mara tatu. Mara ya tatu nimehesabia kwa dadangu.

Analala chini anacheka mpaka mamangu ametoka kuuliza kuna nini.

Toleo la tano linatoka Ijumaa, mama na chenji yake wamo. Mlevi nimempunguzia silabi mbili, ahsante mzee. Mwenye kutaka aje dukani kwa ami, ila mkiingia ulizeni fotokopi kwanza.